Jicho la Mzinga

Mizinga mingi iliyowekwa mbele ya ngome na majengo ya serikali kuwa ukumbusho wa vita imebaki mtutu na kitako tu, kwa kuwa chombo cha kulengea, yaani darubini ndogo pamoja na kishikio chake na sahani ya namba iliyosomwa na mpiga mzinga, kilitolewa zamani. Askari wa mizinga hufundishwa kwamba, ikilazimu kuuacha mzinga, vitu viwili visiachwe kwa adui: komeo, ambalo ni kipande cha chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma, na chombo cha kulengea. Bila hivyo viwili, adui aliyeuteka ameteka mzigo wa chuma. Sehemu yenye akili nyingi zaidi ndiyo iliyo nyepesi kubebwa, na kwa wepesi huohuo ndiyo iliyo rahisi kupotea. Wako watu wachache, wengi wao Ulaya na Marekani, waliojitwisha kazi ya kuvitafuta vyombo hivyo na vipuri vyake, kuvifungua, kuvisafisha na kuvifanya vione tena, na kazi yao inastahili sifa ambayo mwambao wa Ziwa Tanganyika una sababu ya pekee ya kuielewa.

Sababu hiyo ni meli. Graf von Götzen ilijengwa na kampuni ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli mpya hadi Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Ilipofika zamu ya kuipa silaha, mzinga wake mkubwa ulitoka kwenye manowari Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915 ikiwa na mizinga 10 ya milimita 105, yote ikaopolewa baadaye na kupelekwa vitani nchi kavu. Manowari hiyo ilikuwa imejificha nyuma ya mikoko, na meli mbili za Waingereza zilizoiangamiza, Severn na Mersey, hazikuweza kuiona. Zilipiga kwa hesabu, huku ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia zikiangalia risasi zinapoangukia na kutuma masahihisho. Kulenga kitu kisichoonekana, ambako katika vitabu vya vita husimuliwa kama habari ya Ufaransa na Ubelgiji, kulifanyika pia katika matope ya Rufiji.

Kilichotokea Kigoma mwaka uliofuata hakikuwa cha vita hasa, nacho ndicho kinachopaswa kukumbukwa zaidi. Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipokuwa yanakaribia na reli ikiwa karibu kukatwa, Wajerumani waliamua kuizamisha meli kusini mwa Kigoma. Mafundi waliopewa amri hiyo hawakuivunja, bali walizipaka mashine zake grisi nzito, kila kiungo na kila mhimili, ndipo wakaijaza mchanga na kuiacha ishuke polepole hadi chini. Amri ya kuharibu ilitekelezwa kwa mikono iliyozoea kutunza, na haielekei kwamba mikono hiyo iliweza kufanya vinginevyo. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiopoa Machi 1924, wakakuta mashine na matangi yake ya mvuke bado yanafaa, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Vizazi vya wasafiri waliopanda meli hiyo kutoka Kigoma kwenda Kasanga na Mpulungu, na magunia yao ya dagaa na mikungu yao ya ndizi, walisafiri kwa hisani ya grisi hiyo.

Mzinga wake haukupata bahati hiyo. Uliondolewa kabla meli haijazamishwa, ukaenda kutumika kwingine, na inasimuliwa kwamba mahali pake paliwekwa mzinga wa mbao wa kumtisha adui. Katika ile 10 ya Königsberg, mmoja unaonekana leo nje ya Ngome ya Yesu, Mombasa, na mwingine Pretoria, mbele ya majengo ya serikali. Watoto huikalia na wageni hupiga picha nayo, wala hakuna anayeuliza ilionaje.

Uonaji huo ulikuwa wa namna mbili. Mzinga wa meli ulikuwa na darubini iliyoelekezwa moja kwa moja kwa adui, lakini mzinga wa nchi kavu, uliofichwa nyuma ya kilima, ulihitaji chombo kigumu zaidi, na kilichosifiwa kuliko vyote ni darubini ya mzunguko iliyobuniwa katika kampuni ya Goerz ya Berlin, ambayo Waingereza wenyewe waliifuata walipotengeneza yao kabla ya vita vya 1914. Kichwa chake huzunguka pande zote ilhali tundu la kuchungulia halisogei, hivyo mpiga mzinga huweza kutazama nyuma yake bila kugeuza shingo. Kwa kawaida picha ingepinduka kadiri kichwa kinavyozunguka. Ili isipinduke, ndani yake mna prizimu, yaani kipande cha kioo kilichochongwa kwa pembe, ambayo hugeuka kwa nusu kamili ya mwendo wa kichwa. Katika majeshi mengi mzunguko mzima hugawanywa sehemu 6,400 badala ya nyuzi 360, kwa sababu sehemu moja ni sawa na takriban mita moja kwa umbali wa kilomita moja, na hesabu hufanyika kichwani hata chini ya risasi. Mpiga mzinga huchagua alama isiyosogea, kama mti au mnara, huweka pembe aliyopewa, huugeuza mzinga hadi aione tena alama hiyo, hutuliza kiputo cha pimamaji katikati, na mtutu hujikuta umeelekea mahali ambapo hakuna aliye karibu nao anayepaona.

Kuihuisha darubini ya namna hiyo baada ya miaka 100 ni kazi ya miezi. Ukungu hula uso wa kioo, hasa katika nchi zenye joto na unyevu. Gundi ya utomvu iliyounganisha lenzi hugeuka manjano na kuachia. Grisi hukauka ikawa kama nta. Pimamaji hupoteza kimiminika chake. Katika vyombo vya vita vya pili vya dunia, namba zilizong'aa gizani mara nyingi zilipakwa rangi yenye radiamu, madini yenye mionzi ambayo nguvu yake hupungua nusu tu kwa miaka 1,600, kwa hiyo mkusanyaji mwenye busara hafungui sahani hizo mezani pa chakula. Tabu kubwa kuliko zote ni kwamba vipande vingi vilisuguliwa kwa mkono hadi vikaoana, vikapigwa chapa ya namba moja, na skrubu ya kimoja haikubali kukaa vizuri katika kingine. Ndiyo maana wakusanyaji hutafuta hata kifuniko cha lenzi, brashi, kasha la ngozi na ufunguo wake, na ndiyo maana hubishana kama chombo kilichounganishwa kwa vipande vya vyombo vitatu bado ni kimoja. Jibu la haki ni kwamba ni kimoja, mradi fundi aandike alichobadilisha; anayeficha ameghushi.

Ustadi huu si mgeni Kigoma na Ujiji kama unavyodhaniwa, kwani ni ndugu wa kazi ya fundi saa aliyekaa barazani na kioo chake jichoni, akichonga jino la gurudumu kwa tupa kwa kuwa kipuri hakikupatikana. Mafundi hao wanazidi kupungua, si kwa sababu mikono imekufa ganzi, bali kwa sababu kitu kikiharibika siku hizi kinatupwa. Shaba ya zamani huishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na kwenye mizani yake darubini na bomba la maji ni bei moja kwa kilo. Ujiji inakumbukwa kwa mwembe ambao chini yake mpelelezi Livingstone alipatikana, jambo ambalo si kosa, ila vita vilivyopita ziwani miaka 45 baadaye havikuwa na mwembe.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 hulinda yenyewe vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na chombo cha kulengea cha 1915 hakimo. Hata hivyo, sheria hiyohiyo inampa waziri mamlaka ya kutangaza kitu kingine kuwa cha kulindwa. Mwenye kipande cha shaba chenye namba na kioo, kilichorithiwa au kuokotwa ufukweni, asikisugue kwa mchanga wala kwa majivu, na kabla ya kukipeleka kwenye mizani akionyeshe kwa watu wa makumbusho.