Jicho Ndani ya King'amuzi: Namna Kamera za Siri Zinavyotegwa na Zinavyofichuliwa

Mwezi Machi 2019 polisi wa Korea Kusini walitangaza ya kwamba wageni wapatao 1,600 walikuwa wamerekodiwa kwa siri katika vyumba 42 vya nyumba za wageni 30, zilizotapakaa katika miji 10, na ya kwamba picha zao zilirushwa mubashara katika tovuti yenye wanachama zaidi ya 4,000. Mwezi uo huo, huku kwetu Tanzania, soko la dhahabu lilifunguliwa Geita. Na kwa kuwa dhahabu huwakusanya wachimbaji, madalali, wachuuzi na madereva kutoka kila pembe, wakalala leo Katoro, kesho Kahama, keshokutwa Shinyanga mjini, yafaa hila ile ichambuliwe hatua kwa hatua, ili kila alalaye gesti katika ukanda huu ajue namna ya kujihadhari nayo.

Watu wawili waliokamatwa walituhumiwa kutega kamera zenye lenzi ya milimita 1 ndani ya ving'amuzi, ndani ya soketi za ukutani, na katika vishikio vya mashine za kukaushia nywele. Wala polisi hawakuona dalili ya kwamba wenye nyumba walishiriki katika uovu huo. Mahali palipochaguliwa panatufunulia siri yote ya kazi hii. King'amuzi hukielekea kitanda, kina umeme saa zote, na hakuna mgeni akishangaaye kukiona. Soketi nayo ni tundu ambalo jicho limekwisha kulizoea. Aliyetega alitafuta kitu chenye haki ya kuwapo chumbani, akajificha nyuma ya haki hiyo.

Kamera, iwe ndogo kiasi gani, haiwezi kuacha mahitaji matatu: uwazi wa kuonea, nguvu ya kuiendesha, na mahali pa kuziweka au kuzipeleka picha. Mchimbaji wa duara, yaani shimo la machimbo, haioni dhahabu kabla ya kuufuata mwamba. Na mtafutaji wa kamera kadhalika, aache kutafuta kamera yenyewe, ayafuate mahitaji yake. Betri ndogo hudumu saa chache, na kwa hiyo kamera iliyokusudiwa kukaa majuma na miezi aghalabu huunganishwa na umeme wa nyumba. Basi mgeni aanze na vitu vyenye waya: king'amuzi, televisheni, saa ya mezani, chaja iliyoachwa ukutani, soketi isiyo na kazi, taa na feni. Kisha asimame penye kitanda na penye bafu, mahali pa kuvulia nguo, ajiulize ni tundu gani linalomtazama.

Baada ya hapo azime taa, afunge mapazia, ashike tochi karibu na jicho lake, amulike polepole, akibadili pembe. Kwa maana lenzi, ambayo ni kioo kilichopindwa, huurudisha mwanga kwa nukta kali inayometa, ilhali plastiki na rangi ya ukuta huutawanya. Kamera zionazo gizani hutoa mionzi ya infraredi isiyoonekana kwa macho, lakini simu nyingi huiona kama nukta nyeupe au ya zambarau. Mtu aijaribu simu yake kwanza kwa kuielekeza kwenye rimoti ya televisheni, na kamera ya mbele mara nyingi huona vizuri kuliko ya nyuma. Walakini programu za simu zinazodai kuvumbua kamera kwa kupekua mtandao wa chumba zisitegemewe peke yake, kwa kuwa kamera inayohifadhi picha katika kadi ya kumbukumbu tu haitumi ishara yoyote mtandaoni.

Mgeni akiikuta kamera, asiing'oe wala asiifungue. Aipige picha mahali ilipo, aifunike kwa kitambaa, atoke, atoe taarifa polisi. Na vituo vyenye Dawati la Jinsia na Watoto vina maofisa waliotengwa kwa mashauri ya namna hii. Asione haya, kwani aibu ni ya aliyetega. Katiba yetu, katika ibara ya 16, inamhifadhi kila mtu katika maisha yake binafsi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza picha za ngono mitandaoni. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamfunga kila akusanyaye taarifa za watu.

Lakini maadamu mgeni wa jana aweza kumtegea mgeni wa leo bila mwenye nyumba kujua, dhamana haiwezi kuachiwa msafiri aliyechoka. Wenye gesti wa Geita, Kahama na Shinyanga, wafundisheni wahudumu wenu kukagua soketi, king'amuzi na bafu kila chumba kinapobadili mgeni, kama wabadilivyo shuka. Kwani mliyempokea fedha yake mmepokea na sitara yake.