Watu Wawili na Mto: Uhakiki wa Filamu «The African Queen»

1. Utangulizi

Wapenzi wa sinema huhukumu filamu kwa maneno mafupi: hii nzuri, ile imezeeka, hii ilistahili tuzo, ile ilipewa bure. Maoni ya namna hiyo hayafai kudharauliwa, kwani ndiyo mwanzo wa uhakiki wote. Lakini maoni yakirudiwa na kizazi baada ya kizazi, mhakiki hana budi kuuliza yamejengwa juu ya msingi gani. Kuhusu «The African Queen», filamu ya mwaka 1951 ambayo wasemaji wa Kifaransa huijua kwa jina la «L'Odyssée de l'African Queen», maoni yaliyozoeleka ni haya: ni filamu ya watu wawili na mto, wala haikuhitaji zaidi.

Makala haya yanaikubali sehemu ya kwanza ya maoni hayo na kuipinga ya pili. Tutaonyesha kwamba uzuri wa filamu hii umo katika jinsi watu wawili wanavyosemezana, na kwamba upungufu wake umo mahali hapo hapo, yaani wengine wote hawakupewa neno la kusema. Jambo hili linatuhusu sisi wa Katanga kwa namna ya pekee, kama itakavyoonekana katika sehemu ya tano.

2. Filamu na sifa zake

Filamu iliongozwa na John Huston, kutokana na riwaya ya Mwingereza C. S. Forester iliyotolewa mwaka 1935. Huston aliandika mchezo pamoja na James Agee. Mpiga picha alikuwa Jack Cardiff. Sehemu kubwa ya picha za nje zilichukuliwa katika Kongo ya Wabelgiji, kwenye mto Ruiki, kusini ya Kisangani (wakati huo Stanleyville), na huko Uganda, kwenye ziwa Albert na maporomoko ya Murchison. Nyingine zilitengenezwa studioni Uingereza.

Ilipendekezwa kwa tuzo nne za Oscar: ya mwongozaji, ya mchezo ulioandikwa, ya mwigizaji wa kiume na ya mwigizaji wa kike. Ikapata moja tu, ile ya Humphrey Bogart, nayo ikawa ya pekee katika maisha yake yote. Katika sherehe hiyo ya mwaka 1952, tuzo tatu nyingine za waigizaji zilichukuliwa zote na filamu «A Streetcar Named Desire». Katharine Hepburn akashindwa na Vivien Leigh. Mwaka 1994 «The African Queen» iliingizwa katika orodha ya filamu ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani huzihifadhi kama urithi wa taifa.

Kisa ni chepesi kukumbukwa. Ni Septemba 1914, katika Afrika ya Mashariki ya Wadachi. Mchungaji Samuel Sayer na dada yake Rose wanaendesha misheni katika kijiji cha Kungdu. Wanajeshi Wadachi wanakiteketeza kijiji. Samuel anapigwa, anaugua, anafariki. Charlie Allnut, fundi mlevi mwenye mashua ya mvuke iitwayo «African Queen», anamchukua Rose. Huyo anamshawishi washuke mtoni hadi ziwani, wakaizamishe meli ya kivita ya Wadachi, «Louisa», kwa mabomu yatakayotengenezwa kwa mikono.

3. Mazungumzo ya Rose na Charlie

Anayeitazama filamu hii kwa sikio la mwanaisimu hupata furaha nyingi. Mwanzoni Allnut amealikwa chai mezani kwa wamisheni, na tumbo lake linanguruma kwa njaa. Ndugu wale wawili wanajifanya hawasikii. Umbali wa kitabaka baina yao na mgeni wao umeelezwa kwa sauti ya tumbo na kwa ukimya wa wenyeji. Katika riwaya, Allnut ni mtu wa London mwenye lafudhi ya watu wa chini. Kwa sababu Bogart alikuwa Mmarekani, filamu ilimfanya kuwa Mkanada, lakini tofauti ya usemi kati yake na Rose ilihifadhiwa.

Tofauti hiyo hupimwa hasa kwa jinsi wanavyoitana. Kwa muda mrefu mwanamke ni «Miss», na mwanamume ni «Mr. Allnut». Allnut akilewa anamtukana Rose kwa ukondefu wake na kwa useja wake. Kesho yake Rose anamwaga chupa zote za pombe mtoni, kisha anamnyima maneno. Adhabu inayomshinda Allnut ni ile ya kutosemeshwa, kuliko hata ile ya kukosa pombe. Baadaye, wakiisha kuvuka maji makali na kupendana, ndipo Rose anapomwuliza jina lake la kwanza. Wamekwisha kuwa wapenzi naye bado hajui amwiteje. Mtazamaji hucheka, na wakati huo huo huona safari yote ya mahaba yao imefupishwa katika swali moja.

Tuwaombe wanafunzi wa tafsiri wajaribu kulitia jambo hili katika Kiswahili. «Mr. Allnut» ni «Bwana Allnut», hapana shaka. Lakini kwetu «bwana» ni mtu wa kuheshimiwa, ni mwenye kutawala, tena ni mume. Neno lililo baridi katika Kiingereza cha Rose linabeba kwetu historia ya ukoloni, na pia linatabiri ndoa itakayofungwa mwishoni juu ya meli ya adui. Mfasiri atashinda mahali pamoja na kushindwa pengine: atapata utabiri, atapoteza ubaridi.

4. Wasiopewa neno

Tukiisha kusifu, tuyarudie mandhari ya kwanza. Tumo kanisani Kungdu. Samuel anaongoza wimbo, Rose anapiga kinanda, na waumini Waafrika wanaimba. Kinachotoka vinywani mwao ni sauti isiyo na maneno. Mtazamaji anatazamiwa kucheka juhudi za wamisheni. Mashua inapiga king'ora. Allnut anafika, anatupa kipande cha sigara, na watu wanakigombania, ibada ikavurugika. Baada ya muda mfupi kijiji kinachomwa moto na watu wake wanaswagwa. Toka hapo hadi mwisho wa filamu, hatuonyeshwi walikopelekwa. Katika orodha ya majina ya wahusika, hamna hata Mwafrika mmoja mwenye jina. Tutawaona Waafrika tena kwa mbali, askari wenye bunduki kwenye ngome ya Shona.

Kasoro hii ni ya kiutu, lakini ni ya kisanaa pia. Kufikia mwaka 1914 Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya utawala katika koloni lile. Wadachi walikitumia mashuleni na katika barua za maakida, na misheni mbalimbali zilikuwa zimepiga chapa vitabu vya nyimbo na vya sala katika Kiswahili. Waumini wa nchi ile wangeweza kabisa kuimba wimbo wenye maneno. Waongozaji hujisifia ukweli wa picha zao, na Huston aliwavusha watu wake hadi Ruiki, wakapatwa na maradhi, ili maji na miti viwe vya kweli. Juhudi hiyo haikufikia lugha. Mto ulitafutwa hadi Kongo. Maneno ya watu wa mto hayakutafutwa popote.

5. Njia ya Katanga

Mito ya Forester haifuati ramani. Ulanga ya kweli, katika Tanzania ya leo, huingia Rufiji, na Rufiji huingia Bahari ya Hindi, haiendi ziwani. Hatumlaumu mtunzi kwa hilo, kwani riwaya ina ruhusa ya kuhamisha mto. Lakini mwishoni mwa riwaya yake, meli ya Wadachi inazamishwa na mashua za Waingereza zilizoletwa kwa njia ya nchi kavu, na kisa hicho kina asili inayojulikana.

Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za mota, zenye urefu wa mita 12 hivi, ili kuwaondoa Wadachi katika ziwa Tanganyika. Kutoka Cape Town zilipanda garimoshi, zikapita Lubumbashi (wakati huo Elisabethville), zikateremshwa Fungurume ambako reli ilikoma. Kutoka hapo hadi Sankisia ni kilometa zaidi ya 200 za milima ya Mitumba. Njia ilifyekwa, madaraja zaidi ya mia yakajengwa, na mashua zikavutwa kwa mashini za mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya mamia ya watu. Kisha zikapita Bukama, mto Lualaba na Kabalo, zikafika Kalemie mwezi Oktoba. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliteka meli ya Wadachi «Kingani». Tarehe 9 Februari 1916 «Hedwig von Wissmann» ikazamishwa. Meli yao kubwa, «Graf von Götzen», waliizamisha Wadachi wenyewe Julai 1916; iliibuliwa baadaye, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la «Liemba».

Mashua zile mbili ziliitwa «Mimi» na «Toutou». Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa ameomba ziitwe Paka na Mbwa. Wakuu wake walipokataa, akachukua sauti ambazo Kifaransa cha watoto huwapa wanyama hao. Lakini msemaji wa Kiswahili akisoma ubavuni mwa mashua neno «Mimi», hasomi mlio wa paka. Anasoma nafsi ya kwanza, umoja. Waliovuta kamba kutoka Fungurume hadi Sankisia walivuta chombo kilichotamka neno ambalo wao, katika riwaya na katika filamu, hawakupata nafasi ya kulitamka. Filamu iliacha hata zile mashua, ikawapa watu wawili peke yao kazi iliyofanywa na umati.

6. Pingamizi na jibu

Mpenzi wa filamu atasema: hii ni hadithi ya mapenzi, tena ya mwaka 1951, msiidai historia ya vita nzima. Tunakubali kwamba filamu haiwezi kusema yote. Lakini hatudai yote. Mhusika mmoja wa Kungdu, mwenye jina na sentensi chache, angetosha kubadilisha uzito wa moto ule, na chuki ya Rose kwa «Louisa» ingepata sababu pana kuliko kifo cha kaka yake.

Wala tusidhani kwamba wakati peke yake huponya. «Hatari!» ya Howard Hawks (1962), iliyopendekezwa kwa Oscar ya upigaji picha, ilichukua jina lake katika Kiswahili. «The Lion King» (1994) ilichukua majina Simba na Rafiki, na wimbo wake «Hakuna Matata» ukapendekezwa kwa Oscar. Kiswahili kimesikika duniani kote, lakini kama kiungo cha mchuzi. Jibu lililo bora zaidi tunaliona katika «Timbuktu» ya Abderrahmane Sissako, iliyopendekezwa mwaka 2015 kama filamu ya lugha ya kigeni. Humo Kitamasheki, Kibambara, Kiarabu na Kifaransa vinapambana mbele yetu. Mkalimani anasimama kati ya hakimu na mshtakiwa, na uhai wa mtu unategemea kueleweka kwake. Kila lugha humo ina mtu wake.

7. Tamati

Kwa maoni yetu, «The African Queen» ilistahili tuzo ya Bogart, na Hepburn alistahili kuliko alivyopewa. Ni filamu inayojua kwamba kumnyima mtu maneno ni adhabu kali, kwani imetuonyesha Allnut akiomba asemeshwe. Kwa kipimo hicho chake yenyewe tumeipima. Tunawapendekezea wanafunzi wa mwaka wa pili wa licence zoezi hili: waandike kwa Kiswahili sahihi wimbo na mazungumzo ya watu wa Kungdu, kuanzia kanisani hadi kijiji kinapochomwa, bila kubadilisha picha hata moja. Nafasi ya maneno hayo imo ndani ya filamu tangu mwaka 1951.