Siku Njema, Ikisomwa Busia

Methali husema siku njema huonekana asubuhi. Ken Walibora aliichukua akaipindua. Katika Siku Njema (1996), Kongowea anampoteza mama akiwa mdogo, anapitia mateso, kisha anafunga safari kutoka Tanga hadi Kitale kumsaka baba. Asubuhi yake ilikuwa mbovu, siku haikuwa.

Nikiisoma hapa Busia, naona swali moja ambalo riwaya inalipita haraka: kwani furaha iko mwisho wa safari tu? Muulize dereva wa lori aliyekwama foleni ya Malaba. Kampala iko mbele, sawa, lakini chai anakunywa hapa na stori anapiga hapa. Ama watu wa boda boda, jina lililozaliwa mpakani huku: kazi ni kuvuka na kurudi. Wangengoja kufika ndio wafurahi, wangengoja milele.

Lakini jibu limo kitabuni, limejificha tu. Ukiisoma tena, usikimbilie Kitale. Angalia wanaomshika Kongowea mkono njiani. Furaha yake inaanzia kwao, kabla hajafika. Na wewe je, kwa foleni yako uko na nani?