Feza na Zamiri: Juu ya Kitabu cha Eric Williams

Wengi wetu tulifundishwa ya kuwa Waingereza waliacha biashara ya watumwa mwaka 1807 kwa sababu zamiri zao ziliamka. Eric Williams, mtu wa Trinidad aliyesoma Oxford, alipinga mafundisho hayo katika kitabu chake Capitalism and Slavery, kilichotoka mwaka 1944. Yeye haanzi na hotuba nzuri za bunge. Anafungua kwanza madaftari ya wafanya biashara. Anasema: faida ya watumwa na sukari ilisaidia kujenga viwanda vya Uingereza, halafu, mashamba ya visiwa vile yalipoanza kudhoofika, ndipo huruma ilipopata nguvu.

Njia hiyo inafaa sana. Mtu akisifu wema wake, ni haki kuuliza nani alilipwa. Mwaka 1833 bunge lilipoamua kuwafungua watumwa, lilitoa paundi milioni 20 kwa mabwana wao. Watumwa wenyewe hawakupata kitu.

Lakini sababu hupimwa kwa tarehe. Mwaka 1977 Seymour Drescher alitumia hesabu vilevile, akaonyesha ya kuwa mwaka 1807 mashamba yale yalikuwa yangali na faida. Tena, mwaka 1792 maombi 519 ya kupinga biashara ile yalifika bungeni, yenye sahihi za watu wengi wasio na shamba wala meli. Daftari la feza halielezi sahihi hizo. Kujua nani alitajirika kwa uovu hakutoshi kutuambia kwa nini uovu ule ulikoma.

Upungufu mwingine ni mkubwa zaidi. Watumwa wenyewe wanapewa sura ya 12, kabla tu ya mwisho wa kitabu. Na kumbe mwishoni mwa 1831 waliasi katika Jamaica. Kiongozi wao Samuel Sharpe alinyongwa mwaka 1832, na mwaka uliofuata sheria ikatoka. C. L. R. James, aliyemfundisha Williams ujanani, alikwisha kuwaweka watumwa wa Haiti katikati ya kitabu chake The Black Jacobins cha mwaka 1938.

Basi, mwalimu wa historia asikitupe kitabu cha Williams, wala asikisome peke yake. Aulize: nani alipata faida? Nani alikataa? Nani alitoa damu yake? Williams anajibu vizuri swali la kwanza. Kwa mengine tutafute mashahidi wengine.