Mipira Hamsini ya Aasif Karim

Tarehe 15 Machi 2003, kwenye Kombe la Dunia la kriketi, katika uwanja wa Kingsmead mjini Durban, Australia walikuwa wakiifukuzia jumla ya Kenya, mikimbio 174, kama abiria waliochelewa ndege. Adam Gilchrist peke yake alipiga 67 kwa mipira 43. Ndipo mpira ulipofika mikononi mwa mzee wa timu, Aasif Karim wa Mombasa. Alikuwa na miaka 39. Alikwisha kustaafu baada ya kuiongoza Kenya kwenye Kombe la Dunia la 1999, kisha akaombwa arudi.

Alirusha mipira 50: ova nane na mipira miwili. Katika ova sita kati ya hizo, mabingwa wa dunia hawakupata hata mkimbio mmoja. Ova ya nane ilipokwisha, Karim alikuwa ametoa mikimbio miwili tu na kuchukua wiketi tatu: Ricky Ponting, Darren Lehmann na Brad Hogg. Australia, waliokuwa 109 kwa wiketi mbili, wakajikuta 117 kwa wiketi tano. Walishinda hatimaye, na mikimbio mitano zaidi ikatoka kwenye mipira miwili ya mwisho ya Karim. Hata hivyo, tuzo ya mchezaji bora wa mechi ilikwenda kwa Karim, mtu wa timu iliyoshindwa.

Alifanya nini hasa? Kwa mtazamaji wa juu juu, karibu hakufanya kitu. Mrushaji wa kasi huja mbio kutoka mbali, na vumbi lake linaonekana. Karim alipiga hatua chache, mkono wa kushoto ukapita juu, na mpira ukatoka taratibu ukizungushwa na vidole. Ukipanda kidogo juu ya usawa wa macho ya mpigaji, humchelewesha kujua utatua wapi. Ukitua, huuma udongo na kumkimbia mpigaji wa mkono wa kulia. Na ukirushwa kwa mkono uleule, mwendo uleule, ila bila mzunguko, hunyooka na kumfuata miguuni. Ukitua mfupi, mpigaji atarudi nyuma na kuukata. Ukitua mbele mno, utatandikwa mpaka nje ya uwanja. Kilichobaki katikati ni kieneo cha hatua mbili hivi, na ufundi wote ni kukirudia kieneo hicho mpira baada ya mpira, kwa tofauti ndogo ambazo mpigaji hazioni mpaka zimempita.

Mpigaji aliyezoea mikimbio hawezi kukaa njaa muda mrefu. Ova ya kwanza bila kitu ataivumilia. Ya tatu itamkera, na hapo ataanza kulazimisha. Ponting, nahodha wa Australia, alinaswa kwa mguu mbele ya wiketi. Lehmann akadakwa na mlinda wiketi Kennedy Otieno. Hogg akaurudisha mpira mikononi mwa Karim mwenyewe. Anayetaka kupima uzito wa wiketi ile ya kwanza na akumbuke fainali ya siku nane baadaye kule Johannesburg: dhidi ya India, Ponting huyohuyo alipiga 140 bila kutolewa.

Lakini waliotazama mechi ile ya Durban humkumbuka zaidi Brett Lee, mrushaji wa kasi wa Australia, aliyewatoa Wakenya watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Ni haki yake. Ila kasi hutoa picha: nguzo zinaruka, mrushaji ananguruma. Ova isiyo na mkimbio haina picha yoyote, na hapo ndipo jina la Karim linapopotelea. Pengine ingekuwa vingine kama angetoka nchi kubwa ya kriketi, ambako kila ova huandikiwa makala. Yeye alikuwa mtu wa michezo kwa maana ya zamani ya pwani: aliichezea Kenya kriketi, na tenisi pia, katika mashindano ya Davis Cup. Mwanawe Irfan naye ameichezea Kenya kriketi.

Hakuwa peke yake katika kusahauliwa. Karim alikuwemo pia kule Pune mwaka 1996, Kenya ilipopata 166 tu kisha ikawatoa West Indies wote kwa 93. Siku ile Rajab Ali alimtoa Brian Lara, na mlinda wiketi Tariq Iqbal, aliyekuwa ametaabika na mipira kadhaa, huo akaudaka. Siku chache baadaye, mjini Kandy, Sri Lanka walipiga 398, rekodi ya wakati ule. Kwenye kipigo hicho mpigaji wa Kenya, Tikolo, akajibu kwa 96. Thomas Odoyo naye alifika wiketi 100 za mechi za siku moja kabla ya mchezaji mwingine yeyote wa nchi isiyocheza mechi za Test, zile za siku tano.

Hadhi ya kucheza mechi hizo za Test, Bangladesh waliipata mwaka 2000. Kenya, waliokuwa wakiwafunga Bangladesh hao miaka ya tisini na waliofika nusu fainali ya dunia mwaka 2003, hawakuipata kamwe. Ndiyo sababu hakuna ajuaye mkono ule wa kushoto ungefanya nini ukipewa siku tano badala ya ova kumi, kwenye uwanja mkavu wa siku ya nne, wapigaji wakiwa wamechoka na hakuna pa kukimbilia.