Barua aliyobeba mbwa

Mara ya kwanza kuona Hum Aapke Hain Koun..! nilikuwa kwa shangazi, Nyamira, tumejazana sebuleni, mvua inapiga mabati hadi hatusikii kitu. Hakuna aliyelalamika. Hii filamu ya Sooraj Barjatya ya 1994 haihitaji masikio sana: harusi, vyakula, dada za bibi harusi wanaficha viatu vya bwana harusi. Adui hayuko. Zaidi ya saa tatu watu wanapendana tu, na sisi tuliozoea harusi kukwama kwa hesabu ya ng'ombe tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Juzi nimeirudia kwa simu, peke yangu, hapa Kisii mjini. Nikakwama pale Pooja anaanguka kwa ngazi na kufa, ameacha mtoto mchanga. Wazee wanaamua mdogo wake, Nisha, aolewe na shemeji yake Rajesh. Nisha anampenda Prem, mdogo wa Rajesh. Akijua ni nani anaozwa, ananyamaza kwa ajili ya mtoto. Anayemwokoa ni mbwa, Tuffy, aliyepeleka barua kwa Rajesh badala ya Prem. Madhuri Dixit anabeba filamu nzima, halafu wanamnyima sentensi moja ya kusema hataki!

Shangazi naye aliolewa Nyamira baada ya dada yake kufa, alee watoto waliobaki. Siku ile alicheka na sisi hadi hapo kwa ngazi, kisha akaenda jikoni. Nilidhani anaangalia ugali.