Pedali ya KT Tunstall: wimbo uliojengwa mbele ya kamera

KT Tunstall, mwimbaji na mtunzi kutoka Uskoti, alijulikana Uingereza nzima kwa wimbo mmoja alioupiga peke yake katika kipindi cha BBC cha Later... with Jools Holland, kilichorushwa tarehe 22 Oktoba 2004. Nafasi hiyo ilikuwa ya Nas, rapa wa Marekani, ambaye alijitoa dakika za mwisho. Tunstall aliitwa muda mfupi tu kabla ya kurekodi, akiwa na miaka 29 na bila albamu sokoni. Kipindi hicho huwaweka wasanii wote katika ukumbi mmoja, kila mmoja na kijukwaa chake, wakitazamana. Usiku ule kundi la The Cure lilikuwa miongoni mwa waliokuwepo. Msanii asiyejulikana, mwenye gitaa moja na asiye na bendi, angeweza kupita bila kukumbukwa na mtu. Hakupita hivyo, na sababu yake inaonekana ukifuata alichokifanya hatua kwa hatua.

Tunstall alizaliwa Edinburgh mwaka 1975, akalelewa St Andrews katika jimbo la Fife. Alianza na piano na filimbi. Gitaa alilishika akiwa tayari kijana. Alisoma mwaka mmoja katika shule ya bweni huko Connecticut, Marekani, na katika kipindi hicho cha ujana alipiga muziki barabarani mjini Burlington, Vermont. Baadaye aliingia Royal Holloway, chuo cha Chuo Kikuu cha London. Aliporudi Fife alijiunga na wanamuziki waliomzunguka Kenny Anderson, maarufu kama King Creosote, waliojulikana kama Fence Collective. Hawa walirekodi kwa vifaa vya bei nafuu na kupiga katika kumbi ndogo za mji. Kisha akaimba na Oi Va Voi, bendi ya London iliyochanganya muziki wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki na midundo ya kisasa. Sauti yake imo katika albamu yao Laughter Through Tears ya mwaka 2003.

Miaka hiyo kwa kawaida husimuliwa kama kipindi cha kusubiri bahati, lakini ilikuwa mafunzo. Anayepiga muziki barabarani hana mpiga ngoma wa kumshikia mwendo wala fundi mitambo wa kumsawazishia sauti, na msikilizaji wake anaweza kuondoka kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Hujifunza kushika kasi kwa mwili wake mwenyewe na kuwavuta watu ndani ya sekunde za mwanzo. Pedali aliyokuja kuitumia ilihitaji stadi hizo mbili zaidi ya kitu kingine chochote.

Pedali hiyo ilikuwa Akai E2 Headrush, kisanduku cha chuma kinachokaa sakafuni na kubonyezwa kwa mguu. Ukikibonyeza mara ya kwanza kinaanza kurekodi. Ukikibonyeza tena kinafunga kipande kilichorekodiwa na kukirudia bila kukoma. Hicho ndicho kinachoitwa lupu. Juu ya lupu inayozunguka mtu anaweza kurekodi sauti nyingine, na juu ya hiyo nyingine tena, kila tabaka likichanganyika na yale ya chini yake. Wazo lenyewe lilikuwa la zamani. Katika miaka ya 1970 Robert Fripp na Brian Eno walizungusha utepe kati ya mashine mbili za kurekodia ili gitaa lijirudie lenyewe. Tunstall amewahi kueleza kwamba alishawishika baada ya kumwona Son of Dave, mwanamuziki wa Kanada anayepiga harmonika na kujijengea midundo kwa mdomo.

Wimbo aliouchagua ulikuwa "Black Horse and the Cherry Tree". Alianza kwa kupiga ubao wa gitaa kavu kwa kiganja, na mlio mzito wa pigo hilo ukashika kazi ya ngoma kubwa. Nyuzi zilizokwaruzwa huku zimezimwa kwa mkono zikatoa mlio mkavu, mfupi, wa kujaza nafasi kati ya mapigo. Tari lenye vibati likaongeza mng'ao wa juu. Baada ya hapo aliusogeza mdomo wake kwenye kipaza sauti na kurekodi mwito mfupi wa sauti usio na maneno, akauongezea sauti ya pili juu yake. Katika muda ambao bendi ya kawaida ingekuwa bado imo kwenye utangulizi, alikuwa tayari na wapiga ngoma na waitikiaji, wote wakitoka kwake. Alipofunga kurekodi, pedali ikabaki kuchezesha tu, na gitaa na ubeti vikaingia juu yake bila kunaswa.

Mpangilio wa matabaka hayo una hekima kubwa. Lupu haiwezi kubadilisha kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Kama Tunstall angerekodi kodi za gitaa, wimbo mzima ungefungwa ndani ya kodi hizo hadi mwisho, na kiitikio kingekosa pa kwenda. Alichokirekodi kwa sehemu kubwa ni midundo, ambayo haina ufunguo wa muziki, pamoja na mwito wenye noti chache zinazokaa vizuri juu ya kodi zote za wimbo. Gitaa lenye kodi alilipiga laivu, hivyo aliweza kuhama kutoka kodi moja kwenda nyingine apendavyo huku mdundo ukibaki palepale. Wimbo wenyewe unaelekea blues: kodi chache, na kirudio cha gitaa kinachojibu kila mstari wa mwimbaji. Nyimbo nyingi za mtunzi yeyote zisingekubali matumizi haya. Huu ulikubali kwa sababu muundo wake tayari ni wa kujirudia na kuitikiana.

Ugumu mwingine ulikuwa wa kuondoa. Pedali ya namna hii huweka matabaka yote katika mkondo mmoja; huwezi kunyamazisha tari ukaacha ngoma. Mpigaji ana njia mbili tu: yote yasikike au yote yanyamaze. Tunstall aliugeuza upungufu huo kuwa sehemu ya wimbo. Mahali ambapo hadithi ya wimbo inafika kwenye kukataa, mdundo unakatika ghafla na sauti yake inabaki peke yake. Kisha mdundo unarudi wote kwa mara moja. Bendi yenye watu watano ingehitaji mazoezi mengi kunyamaza kwa usawa namna ile.

Hatari ya yote haya iko kwenye mguu. Urefu wa lupu huamuliwa na mbonyezo wa pili. Mguu ukichelewa kidogo, kipande kinakuwa na pengo mwishoni, na pengo hilo litasikika katika kila mzunguko hadi wimbo uishe. Hakuna kurekebisha, dawa pekee ni kuanza upya, mbele ya kamera. Kwa hiyo mguu lazima ushuke kwenye pigo la kwanza lenyewe, wakati mikono inaendelea kupiga na mdomo unajiandaa kuimba. Mtazamaji anaweza asijue jambo hili kwa maelezo, ila analihisi. Anaona kila sauti ikizaliwa, anajua inatoka wapi, na anaona kwamba yote yangeweza kuharibika. Kuonekana huko kwa kazi ndiko kulikoutofautisha uimbaji ule na wa mwimbaji mwingine yeyote mwenye gitaa aliyewahi kusimama hapo.

Matokeo yalikuwa ya haraka. Albamu yake Eye to the Telescope, iliyotayarishwa kwa sehemu kubwa na Steve Osborne na kutolewa na Relentless Records, ilitoka Desemba 2004 na hatimaye ikafika nafasi ya 3 Uingereza. Sehemu kubwa ya albamu hiyo ni tulivu, imepangwa kistudio, na haifanani sana na kilichoonekana kwenye televisheni. Mtu aliyeinunua kwa ajili ya pedali alikuta mtunzi mwenye upana zaidi. Ndani yake umo "Suddenly I See", uliotokana na picha ya Patti Smith kwenye jalada la albamu Horses. Mwaka 2005 albamu iliingia katika orodha ya wanaowania Tuzo ya Mercury, na mwaka 2006 Tunstall alipata tuzo ya BRIT ya mwimbaji bora wa kike wa Uingereza.

Marekani ilimpokea kwa njia tofauti. Albamu ilitolewa huko mwaka 2006. Mwaka huohuo Katharine McPhee aliimba "Black Horse and the Cherry Tree" katika American Idol, na "Suddenly I See" ukafungua filamu ya The Devil Wears Prada. Hapo nyimbo zilisafiri bila pedali na bila mwenyewe kuonekana, na zilisimama. Hilo linaonyesha kwamba kifaa kilifungua mlango, lakini utunzi ulikuwa na nguvu yake.

Katika ziara zilizofuata Tunstall alisimama na bendi kamili, na Drastic Fantastic ya mwaka 2007 ni albamu ya pop ya gitaa yenye sauti kubwa na ung'avu wa studio. Pedali iliendelea kutumika kwa nyimbo chache. Njia aliyoionyesha ilichukuliwa na wengine. Aliyeifikisha mbali zaidi ni Mwingereza Ed Sheeran, ambaye baadaye alianza kujaza viwanja vya mpira akiwa peke yake na gitaa moja na mashine ya lupu miguuni.